Shajara ya mradi: karata za Bamvua na kanuni za kutupa

Bamvua ni mchezo wa karata wa watu wawili tunaoutengeneza hapa Tanga. Kila mchezaji anakuja na bunda lake la karata 40 alilolipanga mwenyewe nyumbani, na nje ya mchezo watu wanabadilishana karata wapendavyo. Ndani yake mna samaki, vyombo vya bahari, pepo zinazovuma na mabaharia. Anayetangulia kujaza mapakacha 10 ya samaki ameshinda.

Shajara hii inafuata sehemu moja tu ya kazi: karata inatokaje mkononi, inakwenda wapi, na kama inaweza kurudi. Michoro na majina ya samaki hayakutusumbua. Kanuni za kutupa zimetusumbua tangu mwanzo, na ndizo ninazoamini zinaamua kama mchezo wa namna hii utachezwa mara mbili au utaachwa kabatini. Anayetaka kuiga achukue anachokitaka.

13 Januari 2024: Toleo la kalamu na mkasi

Mabunda mawili ya karatasi za manila, yamechorwa kwa mkono. Manila, shilingi 3,000. Kalamu za rangi tulikuwa nazo. Karata moja ina milimita 63 kwa 88, kipimo cha karata za kawaida za dukani, na kwa kipimo hicho karata 9 zinaenea kwenye karatasi moja ya A4. Kishike kipimo hicho tangu mwanzo, maana uchapaji wote wa baadaye unakitegemea.

Kanuni zenyewe ni fupi. Unaanza na karata 5. Kila zamu unalamba, yaani unachukua, karata 1 kutoka kwenye bunda, unashusha chombo kama unacho, unavua kama chombo chako kinafaa kwa pepo zilizopo, kisha zamu inahamia kwa mwenzako. Nakala za karata moja zisizidi 3 katika bunda, isipokuwa samaki Silikanti, ambaye ni mmoja tu. Hatukuweka kikomo cha karata za mkononi. Tuliiangalia Pokémon, mchezo mwingine wa karata, ambayo haina kikomo hicho na inachezwa na watoto dunia nzima.

27 Januari: Mikono iliyojaa

Hapa ndipo kazi ilipoanza. Mpwa wangu alikaa zamu baada ya zamu akilamba bila kushusha kitu, mpaka karata zikawa hazishikiki kwa mkono mmoja. Mwenzake wa Makorora alikuwa amekwisha kuvua mapakacha manne. Kisha mpwa akamwaga mashua, ngalawa, nahodha na upepo wa Kaskazi kwa mpigo mmoja, na mchezo ukaisha zamu mbili baadaye. Tulipocheza tena, wote wawili wakangoja. Watu wawili wametazamana kimya, wanalamba tu.

Tofauti na Pokémon tuliiona tulipozisoma karata zake kwa makini. Kule kuna karata zenye nguvu zinazomwamuru mchezaji atupe karata zote za mkononi kisha alambe 7 mpya. Anayerundika anarundika akijua kwamba siku akiihitaji karata hiyo, kila alichokificha kitakwenda na maji. Hakuna kikomo kilichoandikwa, lakini msukumo wa kutumia upo. Kwetu haukuwepo. Kanuni iliyohamishwa peke yake kutoka mchezo mwingine haiji na viungo vyake.

10 Februari: Kikomo, na wakati wake

Magic, mchezo wa Marekani uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka 1993, unamtaka mchezaji atupe za ziada mwisho wa zamu yake mpaka zibaki 7. Yu-Gi-Oh! ya Japani nayo inahesabu mwisho wa zamu, ila kikomo chake ni 6. Sisi tuliandika sentensi moja: “Usiwe na zaidi ya karata 7 mkononi.”

Sentensi hiyo ilileta vurugu tusizozitarajia. Tuna karata ya Kibua isemayo “Lamba karata 3.” Mchezaji ana 6 mkononi, anaicheza Kibua, zinabaki 5, analamba 3, zinakuwa 8. Mwenzake anaruka: tupa moja sasa hivi! Yeye anajibu kwamba amelamba ili azitumie zamu hii hii. Wote wawili wanaisoma sentensi ile ile na wote wana haki. Mbaya zaidi, karata ya kulamba ikawa adhabu, na kila mtu akaitoa kwenye bunda lake.

Sasa inasomeka hivi: “Mwisho wa zamu yako, baada ya kumaliza yote, hesabu karata zako za mkononi. Zikizidi kikomo, chagua za kutupa mpaka zilingane nacho. Wakati mwingine wowote, shika utakazo.” Ugomvi ukaisha palepale. Wakati wa kuhesabu una uzito kuliko idadi yenyewe.

Idadi nayo tuliibadilisha. Kikomo cha 7 kilikuwa kimeandikwa tu, hakuna aliyekigusa. Magic inaanza na karata 7 mkononi na kikomo chake ni 7, kwa hiyo kinamkaba mchezaji tangu mwanzo. Sisi tunaanza na 5, tunalamba 1, tunashusha 1 au 2, hatufiki 7 mpaka pepo zigome. Tukakishusha hadi 5. Sasa mchezaji mwenye 6 anafikiri: nishushe mtumbwi leo ingawa Kusi limekaza, au nimtupe samaki changu niliyekuwa nikimwekea mashua? Hilo ndilo swali tulilolitaka.

Watoto hawakupenda kutupa. Walikuwa wanaitazama karata inavyoondoka kama wamenyang’anywa. Tukaongeza Chambo: “Ikitupwa kutoka mkononi mwako, lamba karata 1.” Ghafla kutupa kukawa na faida, na watu wakaanza kupanga mabunda yanayotupa kwa makusudi. Kama ningeambiwa nibakize karata moja tu ya toleo hili, ningebakiza Chambo.

23 Machi: Nani anachagua

Ramadhani, baada ya tarawehe. Baraza linakaa mpaka karibu na daku na mchezo unapata watazamaji, jambo zuri kwa majaribio, kwa sababu mtazamaji anauliza maswali ambayo mchezaji anayavumilia.

Karata ya Papa ilisema: “Mwenzako apoteze karata 1.” Aliyeicheza akanyoosha mkono kuchomoa. Mwenye karata akazikumbatia kifuani: nachagua mwenyewe! Mtazamaji mmoja akasema zitandazwe mezani, wote wazione, ndipo ichaguliwe.

Zile ni kanuni tatu tofauti, na nguvu zake hazilingani hata kidogo. Mwenyewe akichagua, anatoa galasa lake, karata isiyo na thamani, na karata ya Papa inakuwa dhaifu, ila inafaa mwishoni, mwenzako akiwa amebakiwa na moja au mbili. Ikichomolewa bila kutazamwa, ni bahati, na mwenye karata nyingi nzuri ndiye anayeumia zaidi. Mshambuliaji akiziona zote na kuchagua, amepata vitu viwili kwa bei ya kimoja: ameiondoa karata iliyo bora na amejua zilizobaki. Hiyo ya tatu ikipatikana kwa urahisi inaua mchezo, kwa sababu anayetangulia kuicheza anamwacha mwenzake bila mpango.

Tukazigawa katika karata tatu. Kaa: “Mwenzako achague karata 1 ya mkononi mwake aitupe.” Papa: “Chomoa karata 1 mkononi mwa mwenzako bila kuzitazama, itupwe.” Mlinzi wa Forodha: “Mwenzako akuonyeshe karata zake za mkononi. Chagua 1 isiyo chombo, itupwe.” Ya tatu inagharimu zamu nzima ya kuvua, na vyombo haigusi, ili mtu asiachwe ufukweni mchezo mzima.

Kuhusu kuchomoa, utaratibu uandikwe. Mwenye karata azichange kwanza chini ya meza, kisha azipanue migongo ikimwelekea mwenzake. Bila hivyo, aliyeona karata iliyolambwa ikichomekwa mwisho wa kulia anaifuata pale pale.

6 Aprili: Lipa kwanza

Nahodha ilisema: “Tupa karata 2, lamba karata 3.” Binti wa jirani, mchezaji mkali kuliko wote tulionao, alikuwa amebakiwa na Nahodha na karata nyingine moja. Akacheza Nahodha, akaitupa ile moja, akalamba 3. Mpwa akakataa.

“Mjomba, hana mbili. Atalipaje?”

“Karata imesema tupa mbili, nami nimetupa nilichonacho,” binti akajibu.

Michezo mikubwa imelitatua hili kwa kutenganisha malipo na matokeo ndani ya sentensi yenyewe. Magic inaweka malipo kabla ya nukta mbili. Yu-Gi-Oh! ya sasa inaweka nukta mkato. Malipo lazima yatimie yote ndipo karata ifanye kazi, na matokeo unatekeleza kadiri yanavyowezekana. Kwa Kiswahili tumetumia neno “Lipa” mwanzoni mwa mstari, kwa wino mzito. Nahodha sasa ni: “Lipa: tupa karata 2. Kisha lamba karata 3.” Binti yule hangeweza. Kaa haina neno Lipa, kwa hiyo mwenzako akiwa mikono mitupu, Kaa inachezwa na hakuna kinachotupwa.

Tukaandika pia kwamba karata unayoicheza haihesabiki kuwa mkononi tena tangu unapoiweka mezani, kwa hiyo haiwezi kujilipia yenyewe. Swali hilo lilikuja usiku ule ule.

Tumezipitia karata zote na kuziandika upya kwa mtindo huu. Kazi inachosha, lakini ifanywe kabla ya kuchapa kwa rangi.

20 Aprili: Masika na karatasi

Sikukuu imepita, mvua haikatiki. Manila zimejikunja. Karata zilizotumika sana zimejikunja zaidi ya nyingine, maana yake ukiliangalia bunda kwa ubavu unajua Silikanti yuko wapi. Kanuni zote za kuchomoa bila kutazama hapo hazina maana.

Jaribio la kwanza: kuchapa kwa rangi na kufunika kwa plastiki ya moto, huko Ngamiani. Kuchapa 1,000 kwa karatasi, plastiki 1,500. Bunda moja linakula karatasi 5, kwa hiyo 12,500. Halikufaa. Karata zinateleza, bunda halisimami mezani, huwezi kuzichanga bila kuzimwaga. Tulipozikata, kingo zikawa wazi, na baada ya muda mfupi unyevu ukaingia na plastiki ikaanza kuachana na karatasi kwenye pembe.

Jaribio la pili ndilo tunalolitumia: karata za kawaida za dukani, zile zenye utando wa plastiki, na juu ya uso wa kila moja stika iliyochapwa. Pakiti 2,000, stika za A4 tano kwa 1,500 kila moja ni 7,500, kukatiwa kwa mashine 1,000. Jumla 10,500 kwa bunda. Mgongo ni ule wa kiwandani, pembe zimeviringwa tayari, na zinachangika vizuri. Stika iwe ndogo kidogo kuliko karata, milimita moja kila upande, vinginevyo kingo zinabanduka. Kila karata ibandikwe, hata ile isiyo na thamani, ili unene ulingane.

Kuna jambo ambalo mtengenezaji wa mchezo wa kubadilishana lazima alizingatie. Karata inahama kutoka bunda moja hadi jingine, kwa hiyo migongo ya mabunda yote lazima iwe sawa. Duka letu lilipobadilisha shehena, mgongo mwekundu ukaja na maua tofauti. Karata moja yenye maua hayo ndani ya bunda la zamani ni karata iliyotiwa alama. Tulinunua pakiti za zamani zote zilizokuwa zimebaki dukani. Ukianza, nunua za kukutosha kwa mara moja.

11 Mei: Jaa

Karata zilizotupwa na zilizokwisha kazi zinakwenda Jaani, kila mtu na lake. Swali lilikuwa kama Jaa liwe wazi au lifunikwe.

Mzee wetu wa barazani, mchezaji wa karata za wahedi wa sitini tangu ujana wake, alitaka lifunikwe.

“Shikamoo mzee. Kwa nini lifunikwe?”

“Marahaba mwanangu. Karata iliyopita ikae kichwani. Asiyekumbuka turufu zilizotoka, alipe.”

Hoja yake ni nzito, na katika mchezo wake ndivyo ilivyo: ustadi ni kuhesabu. Sisi tumeamua Jaa liwe wazi, uso juu, na yeyote aruhusiwe kulitazama wakati wowote, lake na la mwenzake. Sababu ni kwamba kwetu kuna karata zinazochota kutoka Jaani, na kitu kinachochotwa lazima kithibitike kuwa kilikuwepo. Katika wahedi wa sitini karata ni zile zile kila siku na kila mtu anazijua. Bunda la mwenzako wa Bamvua hujawahi kuliona. Mzee hajakubali, na bado anacheza, tena anakumbuka Jaa la kila mtu bila kuligusa.

Mpangilio wa Jaa haubadilishwi. Karata mpya inakaa juu. Zikitupwa kadhaa kwa pamoja, mwenyewe anachagua ipi itangulie. Hili lina maana kwa sababu ya karata ya Juya, yaani wavu: “Chukua karata 3 za juu za Jaa lako, 1 iende mkononi, 2 chini ya bunda.” Anayetupa kwa kikomo akijua Juya liko njiani anazipanga kwa hesabu.

Karata inarudi kwenye Jaa la mwenye nayo, hata kama wakati huo ilikuwa inatumiwa na mwenzake. Tuna Mkopo wa Chombo, inayokuruhusu kuchukua mashua ya mwenzako kwa zamu moja. Mashua ikazama, ikawekwa kwenye Jaa la aliyeiazima, mchezo ukaisha, watu wakakusanya karata zao wakaenda. Kesho yake mtoto wa darasa la tano amekuja analia mlangoni. Karata hizi ni mali ya watu. Tumeongeza nafasi ndogo ya herufi za jina chini ya uso wa karata, si mgongoni.

8 Juni: Bunda likiisha, na duara la Juya

Katika mchezo wa karata wa lasti kadi, rundo likiisha unaligeuza lililochezwa, unalichanga, mnaendelea. Tulijaribu hivyo. Mchezo mmoja ukavuka alasiri, ukafika magharibi, na hakuna aliyekuwa karibu na pakacha la kumi. Karata zikirudi daima, hakuna kilichopotea unapotupa, na kila tulichokijenga tangu Februari kinabomoka.

Sasa: anayetakiwa kulamba na bunda lake ni tupu, ameshindwa. Magic inafanya hivyo, Yu-Gi-Oh! inafanya hivyo, na Pokémon inafanya hivyo kwa kulamba kwa mwanzo wa zamu.

Uamuzi huo ulizaa mbinu ya kulimaliza bunda la mwenzako. Karata ya Mkondo: “Karata 3 za juu za bunda la mwenzako ziende Jaani.” Mtu akamwagiwa Chambo, akadai alambe moja. Hapana. Kutupa ni kutoka mkononi tu. Kutoka kwenye bunda ni kumwaga, na karata isemayo “ikitupwa” haisikii kumwaga. Chombo kuzama mezani nako si kutupa. Maneno matatu, njia tatu, na zote zinaishia Jaani.

Kisha likaja duara. Juya likichezwa linakwenda Jaani. Bunda lenye Juya mbili: ya kwanza inachezwa, inafika Jaani, ya pili inaichota, inachezwa tena, inaichota ya pili. Kila zamu karata mbili zinarudi chini ya bunda, bunda haliishi kamwe. Binti wa jirani aliligundua na akalitumia bila huruma. Dawa yake ni Kilindi, sehemu mpya: kinachokwenda Kilindini hakirudi mchezo huo. Juya sasa linamalizika kwa maneno “kisha Juya liende Kilindini.” Kila karata inayochota kutoka Jaani imewekewa maneno hayo.

Silikanti tumempa ruhusa yake. Ni samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka zama za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na bahari yetu ina hifadhi yenye jina lake iliyotangazwa mwaka 2009. Karata yake: “Lipa: tupa karata 2. Kisha mrudishe Silikanti kutoka Jaani hadi mkononi. Akiondoka mezani tena, aende Kilindini.” Anarudi mara moja tu, kwa bei kubwa.

6 Julai: Mkono wa kuanzia, na kanuni zilivyo sasa

Lilibaki tatizo la mtu anayeanza kwa kulamba galasa tupu: karata 5, hakuna chombo. Tuliruhusu arudishe zote, achange, alambe 4. Ikawa adhabu juu ya mkosi. Tumechukua njia ambayo Magic imeitumia tangu 2019: rudisha zote, changa, mwenzako akate, lamba 5 kamili, kisha chagua 1 uiweke chini ya bunda. Ukirudia tena, unaweka 2 chini. Unaanza na pungufu, lakini umechagua cha kuacha. Kwa bunda la 40 inatosha vizuri.

Maandishi ya kunakili, yalivyo leo: *Anza na 5. Kikomo cha mkononi ni 5, kinahesabiwa mwisho wa zamu yako tu, na mwenyewe unachagua za kutupa. Kutupa ni kutoka mkononi. Kumwaga ni kutoka kwenye bunda. Kuzama ni kutoka mezani. Vyote vinakwenda Jaa la mwenye karata, uso juu, bila kubadilisha mpangilio, na wote wanaruhusiwa kutazama. Kinachoandikwa Lipa kitimizwe chote kwanza. Kilichofika Kilindini hakirudi. Bunda tupu ukitakiwa kulamba, umeshindwa.*

Kinachofuata ni Matlai, upepo unaoongeza kikomo kutoka 5 hadi 7 kwa zamu moja, kwa wachezaji wote wawili. Stika zake zimechapwa, 1,500, hazijabandikwa. Swali letu ni kama zamu inayofuata, kikomo kikirudi 5, mwenye karata 7 atazitupa 2 pamoja na Chambo ndani yake na kulamba tena baada ya kuhesabu. Ikiwa atalamba, anahesabu upya au zamu imekwisha? Tutaijaribu kwa njia zote mbili kabla ya kuandika.